Hedseti ikigeuka sauti ya mkebe: uiachie mashine ichague profaili, au uchague mwenyewe?

Mwenzangu mmoja, ambaye nafanya naye kazi ya kunukuu mahojiano ya redio, alinipigia jioni moja akiwa amekata tamaa. "Kaka, hii hedseti nimeinunua juzi tu. Asubuhi ilikuwa safi, sasa hivi kila anayeongea ni kama yuko ndani ya pipa." Nikamwomba anitumie ukurasa aliokwisha kunukuu, nikausoma huku nasikiliza faili lilelile kwa hedifoni za waya. Pale ambapo mama anayehojiwa alisema "nilisutwa mbele za watu", yeye alikuwa ameandika "nilifutwa mbele za watu". Kusutwa ni kuumbuliwa hadharani. Ukisoma "nilifutwa" unadhani mama wa watu aliachishwa kazi.

Hedseti yake ya Bluetooth haikuwa mbovu, na masikio ya dada huyu hayana kasoro. Kwenye kivinjari chake kulikuwa na kichupo cha mkutano uliokwisha tangu asubuhi, na kichupo hicho kilikuwa bado kimeshika maiki. Kompyuta ikaona maiki inatumika, ikaihamisha hedseti kutoka profaili (yaani namna ya kupitisha sauti) ya muziki kwenda profaili ya simu, wala haikumwambia mtu. Alipokifunga, zikapita sekunde chache, sauti ikafunguka.

Nakutana na jambo hili mara nyingi mno. Watu wanarudisha hedseti dukani, au wanaifuta na kuioanisha upya mara kumi, kabla hawajauliza swali la kwanza: sasa hivi hedseti iko kwenye profaili gani, na nani kaiweka huko?

Njia mbili, hedseti moja

Hedseti ya kawaida ya Bluetooth ina njia mbili za kupokea sauti, na inatumia moja tu kwa wakati.

Ya kwanza ni profaili ya muziki, ambayo kwenye menyu huandikwa A2DP. Sauti inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye simu au kompyuta hadi masikioni, kwa stirio, kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 au 48,000 kila sekunde. Kodeki, yaani mbinu ya kubana sauti ili ipite hewani, ambayo kila kifaa lazima kiwe nayo ni SBC, na kwa kiwango chake cha juu cha kawaida inatumia kama kilobiti 328 kwa sekunde. Vifaa vingine huongeza AAC, aptX au LDAC. Maiki ya hedseti haina nafasi kwenye njia hii.

Ya pili ni profaili ya simu, HFP, pamoja na ndugu yake mkongwe HSP. Hapa sauti inakwenda na kurudi, maiki inafanya kazi, lakini unachosikia ni mono na kimebanwa sana. Kodeki yake ya zamani, CVSD, inachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, na kanuni ya sampuli ni kwamba nusu ya idadi hiyo ndiyo mwisho wa unachoweza kusikia: hezi (mitetemo kwa sekunde) 4,000. Ile iliyofuata, mSBC, iliyokuja na toleo la 1.6 la HFP, inachukua 16,000. Toleo la 1.9 limeongeza LC3 ya sampuli 32,000, ila ni lazima pande zote mbili, hedseti na kifaa, ziwe zinaijua.

Sasa rudi kwa yule mama wa kwenye mahojiano. Mlio wa "s" una nguvu yake kubwa juu ya hezi 4,000. Ukiukata hapo, kinachobaki cha "s" na kinachobaki cha "f" ni pumzi mbili zinazofanana. Katika maneno mengi muktadha unakuokoa, ila kwenye kusutwa na kufutwa hauna msaada, maana sentensi zote mbili zinaleta maana.

Kuna anayeuliza kwa nini hedseti isifanye yote mawili pamoja. Redio ya Bluetooth inagawa muda wake katika vipande vya maikrosekunde 625. Sauti ya simu inadai vipande vyake vilivyotengwa, vya kwenda na vya kurudi, bila kungoja. Muziki unaweza kungoja kidogo kwa sababu hedseti huuweka akiba kabla ya kuupiga. Hedseti za kizazi hiki zimeundwa kuchagua: simu ikifunguka, muziki unaachwa, na chochote kinachocheza kwenye kompyuta kinapitishwa kwenye tundu dogo la simu.

Jipime kwa masikio kwanza

Kabla ya kugusa mipangilio, piga wimbo unaoufahamu vizuri ulio na kayamba au matoazi. Kwenye profaili ya muziki unasikia punje za kayamba moja moja. Kwenye profaili ya simu kayamba linageuka upepo, na likiwa CVSD linaweza kupotea kabisa. Kipimo cha pili: tafuta rekodi ambayo ala moja iko sikio la kushoto na nyingine la kulia. Zikikaa zote katikati ya kichwa, uko kwenye mono.

Vipimo hivi viwili havichukui hata dakika moja, na vinakutenganishia matatizo. Sauti iliyofifia, ya mono, iliyokosa mng'ao lakini haikatiki, ni suala la profaili. Ikiwa safi lakini inakatikakatika, mara nyingi ni suala la mawimbi, na kubadilisha profaili hakutakusaidia.

Dalili: sauti inaharibika pale tu programu fulani inapofunguka

Hii ndiyo dalili kuu, na sababu yake karibu kila mara ni moja: programu hiyo imefungua maiki ya hedseti. Si lazima uwe unaongea, wala si lazima mkutano uwe umeanza. Ukurasa wa kungojea kuruhusiwa kuingia, ule unaokuonyesha sura yako na kipimo cha sauti kinachopanda na kushuka, tayari umeshika maiki. Michezo yenye maongezi ya kikundi nayo huifungua tangu mwanzo.

Mtafute aliyeishika. Kwenye Windows alama ndogo ya maiki inatokea upande wa kulia wa upau wa chini, na ukiielekezea kishale inakutajia programu. Kwenye macOS na iPhone ni nukta ya rangi ya chungwa. Kwenye Android kuanzia toleo la 12 ni alama ya kijani kwenye kona ya juu. Kwenye Linux andika:

pactl list source-outputs

na usome jina la programu kwenye kila kipande kinachotokea.

Ukishamjua, una njia mbili. Kama huihitaji programu hiyo, ifunge kabisa. Kuipunguza chini hakutoshi. Kama unaihitaji, ingia kwenye mipangilio yake ya sauti, uache hedseti kwenye upande wa kusikiliza, lakini upande wa maiki uchague maiki ya kompyuta yenyewe. Hedseti itabaki kwenye muziki, wewe utasikika kupitia kompyuta, na wenzako wengi watakuambia unasikika vizuri zaidi kuliko jana. Maiki ya kompyuta mpakato, ukiwa umekaa mbele yake katika chumba kilichotulia, haipiti kwenye mrija wa simu. Hili ndilo suluhisho ninalolipendekeza kabla ya mengine yote, na halihitaji amri hata moja.

Kosa moja nalitaja kwa sababu limewapotezea muda watu wengi. Mtu anasoma kwamba LDAC ina ubora wa juu, kilobiti 990 kwa sekunde, anaingia kwenye chaguo za wasanidi za simu ya Android, anaibadilisha kodeki, kisha anashangaa simu zake bado zinasikika vilevile. Orodha ile ya kodeki ni ya profaili ya muziki pekee. Simu ikiingia, LDAC haimo tena kwenye mazungumzo.

Dalili: mkutano umekwisha, sauti haikurudi

Kurudi kunategemea programu kuiachia maiki. Zipo zinazobaki nyuma baada ya dirisha kufungwa, na zipo kurasa zinazoendelea kuishika mpaka kichupo kifungwe. Rudia uchunguzi wa hapo juu kwanza.

Kama hakuna aliyeshika maiki na bado sauti ni ya mkebe, mabadiliko ya kurudi yamekwama. Kata muunganisho wa hedseti kwenye menyu ya Bluetooth, hesabu mpaka kumi, uunganishe tena. Usiifute kwenye orodha; kufuta na kuoanisha upya ni hatua ya mwisho. Kwenye Linux unaweza kuilazimisha bila kukata. Tafuta jina la kadi kwanza:

pactl list cards short

Utaona jina linaloanza na bluez_card likifuatwa na tarakimu za anwani ya hedseti. Kisha, ukiweka tarakimu zako mahali pa herufi X:

pactl set-card-profile bluez_card.XX_XX_XX_XX_XX_XX a2dp-sink

Hivyo ndivyo kwenye PipeWire, programu inayosimamia sauti kwenye Linux nyingi za sasa. Kwa wenye PulseAudio, iliyoitangulia, neno la mwisho huandikwa a2dp_sink, kwa mstari wa chini badala ya kistari. Kosa hilo dogo hutoa ujumbe kwamba hakuna kitu cha namna hiyo, na mtu akadhani hedseti yake haina A2DP.

Watu pia hulalamika kwamba sauti imerudi lakini iko chini sana, au imepasua masikio. Kila profaili ina kipimo chake cha ukubwa wa sauti. Profaili ya simu ina ngazi kutoka 0 hadi 15. Upande wa muziki, hedseti inayoruhusu kifaa kuiamuru moja kwa moja ina ngazi 0 hadi 127. Kifaa hukumbuka kila moja peke yake. Ukiwa umepandisha sauti kwenye simu, muziki hautapanda nayo. Sikiliza kwa tahadhari kila profaili inapobadilika.

Dalili: muziki safi, lakini hakuna anayekusikia

Hapa mambo yamegeuka: hedseti imefungwa kwenye muziki na haikubali kuondoka. Sababu ni kadhaa, na ni vema kuzipitia kwa kufuata mfumo ulio nao.

Kwenye Android, fungua mipangilio ya vifaa vilivyounganishwa, uguse gia iliyo mbele ya jina la hedseti. Kuna swichi ya simu na swichi ya sauti ya maudhui. Ya kwanza ikiwa imezimwa, hedseti haitapokea simu hata ikiwa masikioni. Kwenye Windows, mara nyingi ni wewe mwenyewe uliyezima huduma ya "Hands-Free Telephony" miezi iliyopita ukifuata ushauri wa mtu, ukasahau. Ushauri wenyewe ni mzuri, nitaurudia mbele, lakini bei yake ndiyo hii: maiki ya hedseti inatoweka kabisa kwenye orodha.

Kwenye Linux yenye PulseAudio sababu imejificha zaidi. Moduli inayosimamia mabadiliko, module-bluetooth-policy, ina kigezo kinachoitwa auto_switch. Kikiwa 0 hakuna kubadilisha. Kikiwa 1, ambacho ndicho cha kawaida, inabadilisha tu kwa programu iliyojitambulisha kuwa ni ya simu, na programu nyingi, vivinjari vikiwemo, hazijitambulishi hivyo. Kikiwa 2 inakisia yenyewe: programu yoyote inayoanza kurekodi bila kusema kazi yake inachukuliwa kuwa ni simu. Kwa hiyo mtu yuko kwenye mkutano ndani ya kivinjari, otomatiki anaamini imewashwa, na kweli imewashwa, ila kivinjari hakikusema neno linalotakiwa. Hariri mstari huu ndani ya /etc/pulse/default.pa:

load-module module-bluetooth-policy auto_switch=2

Kwenye PipeWire kazi hiyo inafanywa na programu mwenzake, WirePlumber. Toleo lake la 0.4 lilitembea na orodha ya majina ya programu. Ambayo jina lake halimo, na haikujitambulisha kuwa ni ya mawasiliano, haikusababisha mabadiliko. Toleo la 0.5 limekuja na mbinu nyingine: linaweka maiki ya hedseti kwenye orodha hata ukiwa kwenye muziki, na programu yoyote ikianza kurekodi kutoka kwenye maiki hiyo ndipo profaili inabadilishwa. Mbinu hii naiona nzuri zaidi, kwa sababu mashine haikisii tena jina, inafuata ulichochagua.

Sababu ya mwisho ya kutosikika ni kidude cha USB cha Bluetooth. Nilinunua kimoja kwa bei poa. Muziki ulipita bila shida, lakini kila nikihamia profaili ya simu, maiki ilikuwa kimya kabisa, ingawa kila kitu kwenye skrini kilionyesha inafanya kazi. Nilipochagua mwenyewe profaili iliyoandikwa headset-head-unit-cvsd badala ya ile ya mSBC, sauti yangu ikatoka. Hedseti na kompyuta walikuwa wamekubaliana mSBC, kidude katikati hakikuweza kuipitisha. Hapa otomatiki ilichagua kodeki bora, na kodeki bora ndiyo iliyoninyamazisha.

Dalili: kila ukiunganisha, inaanza na sauti ya simu

Hili limewachanganya hata watu wenye uzoefu. Hakuna programu iliyoshika maiki, hakuna mkutano, hedseti ndiyo kwanza inaunganishwa, na tayari ni mkebe.

Kwenye Linux yenye WirePlumber, angalia kama wewe mwenyewe uliwahi kuchagua profaili ya simu kwa mkono, hata mara moja, kujaribu tu. Profaili iliyochaguliwa na mtumiaji inahifadhiwa ndani ya ~/.local/state/wireplumber/ na kurudishwa kila hedseti inapounganishwa. Mashine inakutii. Dawa ni kuchagua profaili ya muziki kwa njia ileile ya mkono, kwa mfano kwenye ukurasa wa "Configuration" wa pavucontrol, programu ya kurekebisha sauti, ili uamuzi mpya uandikwe juu ya ule wa zamani.

Kwenye Windows 10 hedseti moja inaonekana kama vifaa viwili, kimoja kimeandikwa "Stereo" na kingine "Hands-Free AG Audio". Herufi AG zinataja nafasi ambayo kwa kawaida ni ya simu ya mkononi katika profaili ya simu, yaani hapa kompyuta inajifanya simu. Ikiwa hicho cha pili ndicho kilichowekwa kuwa cha kawaida, utaanza na mkebe kila siku. Chagua cha "Stereo". Windows 11 imeviunganisha viwili kuwa kimoja, na uamuzi umehamia kwenye maiki: ikifunguliwa, hedseti inahama. Kwa wengi ni nafuu, ila aliyezoea kuchagua kwa mkono anaona amenyang'anywa usukani.

Dalili: profaili ya muziki haimo kabisa kwenye orodha

Chunguza kwanza kama hedseti ina profaili hiyo. Kwenye Linux:

bluetoothctl info XX:XX:XX:XX:XX:XX

Tafuta mstari wa "Audio Sink" wenye namba inayoanza na 0000110b. Ukiuona, hedseti inajua muziki. Ukiona tu "Headset" yenye 00001108 na "Handsfree" yenye 0000111e, hiyo ni hedseti ya simu pekee, kama zile za sikio moja za madereva, na hakuna mpangilio utakaoibadilisha.

Ikiwa "Audio Sink" ipo lakini kwenye orodha ya profaili haionekani, mara nyingi kifaa kingine kimeishika nafasi hiyo. Zima Bluetooth ya simu iliyo mfukoni, ukate na uunganishe tena hedseti kwenye kompyuta. Isipojitokeza, hapo ndipo uifute na kuioanisha upya.

Dalili: sauti inahama huku na huku, muziki unasimama wenyewe

Hedseti nyingi sasa zinaunganishwa na vifaa viwili kwa pamoja. Uko kwenye kompyuta, simu inatoa mlio wa ujumbe, muziki unasimama, sekunde tatu baadaye unarudi, au haurudi. Hakuna kilichoharibika, vifaa viwili vinagombea sikio moja, na kila kimoja kina otomatiki yake isiyojua ya mwenzake.

Ninavyofanya mimi ni kugawa kazi kwa mkono. Kwenye simu, ninaingia kwenye gia ya hedseti, nazima sauti ya maudhui, naacha swichi ya simu. Kwenye kompyuta nafanya kinyume: nabakiza muziki tu. Baada ya hapo simu haina ruhusa ya kupitisha milio ya ujumbe na video kwenye hedseti, lakini mtu akinipigia, napokea palepale. Kompyuta nayo haina ruhusa ya kunipeleka kwenye mkebe. Nimetumia mpango huu kwa muda mrefu na ndio ulionipa utulivu kuliko mwingine wowote.

Kama sauti inakatika bila kubadilika ubora, sogeza kidude cha USB mbali na diski au flashi ya USB 3, maana vifaa hivyo hutoa kelele kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, na hamisha Wi-Fi kwenda gigahezi 5 kama kisambazaji chako kinayo. Hayo hayahusu profaili.

Kuiachia mashine, au kushika mwenyewe

Anayepokea simu na mikutano mingi kwa siku, na muziki kwake ni wa kupitisha muda, aiachie mashine. Atasikia kubadilika kwa sauti, lakini hatakosa kusikika, na kutosikika kwenye usaili wa kazi ni hasara kubwa kuliko wimbo kuharibika kwa dakika mbili. Hata hivyo, ajifunze kumtafuta aliyeshika maiki, basi.

Anayefanya kazi kwa masikio, iwe kunukuu, kutafsiri, kuhariri sauti, au mwanafunzi anayejifunza lugha kwa kusikiliza, ashike mwenyewe. Kazi yake haivumilii mashine kubadilisha anachokisikia bila kumwarifu. Atafute maiki nyingine, na maiki ya hedseti aizime kabisa.

Namna ya kuizima inatofautiana. Kwenye Linux yenye WirePlumber 0.5 amri ni moja, na inadumu hata ukiwasha upya:

wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Ukibadili nia, weka true mahali pa false. Kwenye PulseAudio ni auto_switch=0 kwenye mstari uleule wa juu.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mmsys.cpl, nenda kwenye "Recording", bofya kulia kwenye maiki ya hedseti, uchague "Disable". Njia hii naipenda kuliko kuzima "Hands-Free Telephony" kwa sababu ni rahisi kuirudisha. Unarudi mahali palepale na kubofya "Enable". Kuzima huduma yenyewe, kupitia "Devices and Printers", sifa za hedseti, kisha "Services", nakuachia kama programu inaendelea kuing'ang'ania.

Kwenye macOS hakuna swichi ya profaili. Kuchagua kwa mkono ni kuchagua maiki: fungua mipangilio ya sauti, upande wa "Input", uweke maiki ya kompyuta yenyewe. Kuhakikisha, fungua programu ya Audio MIDI Setup, uangalie namba ya hezi mbele ya hedseti. Ukiona 44,100 au 48,000 uko salama. Ukiona 16,000, kuna programu imeifungua maiki. Kwenye iPhone huna mengi ya kushika. Kwa kawaida mfumo unaamua wenyewe.

Vifaa vipya vya LE Audio, mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, vimeanza kulegeza fundo hili. Kodeki yao ya LC3 inabeba muziki na mazungumzo kwenye mfumo mmoja, kwa hiyo kufungua maiki hakulazimu tena kuangukia mrija wa hezi 4,000. Lakini hedseti, redio ya Bluetooth ya kompyuta na mfumo wa uendeshaji lazima vyote vitatu viwe vinaijua, la sivyo vinarudi kwenye njia mbili za zamani bila kukuambia. Kabla ya kununua hedseti kwa ajili ya neno hilo lililoandikwa kwenye boksi, hakikisha kompyuta yako nayo inalo.

Kompyuta ya mwenzangu niliiweka kwa mkono: hedseti muziki tu, maiki ya hedseti imezimwa, maiki ya kompyuta ndiyo ya kawaida. Wiki iliyofuata wenzake kwenye mkutano walimwambia wanasikia feni yake, akanunua maiki ndogo ya waya ya kubana kwenye kola. Ule ukurasa aliunukuu upya usiku uleule. "Nilisutwa" ikarudi mahali pake, na mistari minne chini yake akakuta "walinisema" palipokuwa na "walinifema" aliyoiwekea alama ya kuuliza akidhani ni lahaja asiyoijua.